Mama alimupa kaka yangu kazi ya mikono yangu

Salamu kwenu wote munaosoma hapa. Admin, ficha jina langu, hapa Kasongo tunajuana sana. Niko musichana wa miaka makumi mbili na ine. Nilisoma elektrisite, kazi ya umeme, musichana peke yangu katika darasa.

Katika kituo cha afya cha mutaa wetu waliwekaga pano za jua za kutoa umeme, lakini taa zilikuwa zinazimika kila mara, wamama wanazalia kwa toshi. Niliomba ruhusa, nikapanda juu ya mabati, nikapanga waya zote upya. Mpaka leo taa zinawaka. Yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa, alinishikia ngazi tu.

Kisha watu wa kituo cha afya cha Salamabila, mbali na hapa, wakafika kwetu kutafuta mufundi aliyefanya kazi ile. Mimi nilikuwa sokoni. Mama akawajibu: "Ni mwanangu Ramazani." Wakaondoka naye, akaweke umeme katika materinite yao, nyumba ya wamama kuzalia.

Niliporudi nilimuuliza mama. Hakukana. Akasema polepole: "Watu wa muchumba wako walikuja kuniuliza kama ni kweli unapandaga juu ya nyumba za watu. Nilitaka uolewe, mwanangu."

"Na yaya alisema nini?"

"Alifunga mufuko wake, akawafuata."

Mama huyu ndiye aliyelima muhogo mpaka mugongo ukamuuma, ili mimi nisome. Kama angekuwa mutu mwingine, ningemukasirikia na kumusahau. Huyu nitamusahau namna gani?

Sasa yaya ananipigia simu kila siku, waya hii inaenda wapi, ile inaenda wapi. Juzi akaniambia batri inachemka na inanuka. Nikamwambia: "Zima kila kitu, ninakuja kuona mwenyewe." Akajibu: "Usije. Ukifika hapa, mimi nitaonekana nani?" Nikamusikia anamwambia mutu pembeni kwamba hakuna matata, taa zitawaka tu.

Mama naye anasema nimuelekeze yaya kwa simu, nisimuaibishe. Lakini harufu haisikiki kwa simu, na katika nyumba ile kunalala wamama waliozaa na watoto wachanga.

Nimeisha kufunga vyombo vyangu vya kazi. Motokari ya kwenda Salamabila inaondoka kesho asubuhi. Mama ameapa kwamba nikiipanda, ndoa imekufa, na nisimuite tena mama. Wandugu zangu, mwenye kuwa na shauri anipe mbele ya asubuhi: nipande ao nibaki?