Mwanasesere wa Kitenge

Kila mzazi alipoingia na kichanga kwenye darasa la akina mama wapya pale mtaani Buyenzi, mkunga alimsalimu mama kwanza: "We umelala?" Mtoto alisubiri zamu yake. Mikono minene ya mkunga haikuacha kumpapasa mwanasesere wa kitenge aliyemtumia kufundishia. Assia, mmoja wa akina mama hao, alijibu tu kila mara, "Nimelala." Angesemaje kwamba mwanawe akilia yeye huogopa, hutamani kukimbia? Asubuhi moja mizinga ikanguruma milimani. Akina mama wakalala chini, kila mmoja juu ya mwanawe. Assia alipoinua macho, mkunga alikuwa chini ya meza, kamkumbatia mwanasesere, kamziba masikio.

"Hata we unaogopa?" Assia akamwuliza.

"Mi? Sana, binti yangu," akasema, na wala hakumwachia yule wa kitenge.

Assia akatambaa na mwanawe hadi chini ya meza. "Sijalala," akamwambia mkunga.