Samaki wa Mawe katika Saloni ya Komanda

Lile sanduku la vioo nililichukia tangu nikiwa msichana, na mpaka leo sijaacha. Lilikuwa katika saloni ya Madamu mmoja wa Kibelgiji, kwenye nyumba yenye barza pana iliyotazama ziwa, pale Uvira, njia ya kwenda Kalundu. Wenyewe waliliita akwarium. Mume wake alikuwa mkubwa katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, na mapenzi yake yote yalikuwa kwa samaki, hasa aina moja ya samaki wa mawe, wa buluu iliyokoza, ambaye mapezi yake ya tumboni yalirefuka kama nyuzi na kuishia na vidoti vya njano. Wavuvi wetu hawakumjali, maana hana nyama. Mzungu yule alituma watu mpaka kwenye mawe ya kusini wazamie na vyandarua wamletee akiwa hai.

Niliajiriwa kulea mtoto wao, lakini mtoto akilala nilipewa ndoo. Madamu alinifundisha kazi ya maji kwa ukali, kama mtu anayefundisha mbwa. Maji yatoke ziwani, siyo kwenye robine, bomba la nyumbani, kwa sababu maji ya robine yalishuka kutoka mto wa mlimani, nayo ni matamu mno. Ziwa letu lina chumvi yake, ile inayofanya sabuni ikatae kutoa povu, na samaki aliyezoea chumvi ile ukimtia ghafla kwenye maji ya mto hadumu. Mchanga nao utoke ziwani. Sabuni isiguse kioo hata kidogo. Na maji mapya yakishatiwa, awekwe kwanza samaki mgumu, wa bure, akae humo siku kadhaa. Huyo akiendelea kula ndipo yule wa buluu aingie.

Asubuhi moja samaki wawili walikutwa wameelea tumbo juu. Madamu alininusa mikono, akasema ina sabuni, akanipiga kofi. Alinipiga mbele ya mpishi na mbele ya planto, tarishi wa ofisini, aliyekuwa amesimama barzani akingoja karatasi za kupeleka. Mikono yangu haikuwa na sabuni. Nilikuwa nimetoka kummenyea mtoto wake ndizi. Niliendelea kuchota maji, na kila ndoo niliyoimimina humo niliimimina kwa chuki.

Uhuru ulipofika waliondoka haraka kuvuka mpaka, wakaacha mlango wa jikoni wazi na samaki ndani ya maji yao. Sikwenda kuwaaga, wala sikwenda kuwalisha samaki.

Baadaye niliolewa na karani. Alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuja pamoja na dada yake mkubwa, mjane, aliyeishi nasi Mulongwe kana kwamba nyumba ni yake na sisi ndio tumepanga. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama adabu inavyotaka. Yeye hakuniita kitu mbele yangu, na nyuma yangu aliniita boyi wa Wazungu. Aliwaambia majirani kwamba mkono uliofuta kinyesi cha mtoto wa Mbelgiji hauwezi kusonga bugali wa mwanamume Mwafrika. Nilikuwa namjibu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwangu kulimuudhi kuliko matusi.

Miaka michache baada ya uhuru waasi waliuteka mji, na makarani wa serikali ndio waliotafutwa kwanza. Mume wangu alipita Kavimvira, mpakani, akiwa amejitwika kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kama mchuuzi, akavuka kwenda Burundi. Mimi nilikuwa na mimba changa na homa, sikuweza kwenda naye siku ile. Yaya alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuacha vitu vya mdogo wake mikononi mwangu. Basi tukabaki wanawake wawili ndani ya ua mmoja, tukipika kwenye mioto miwili. Akinikuta naota jua alihamisha mkeka wake. Nikimkuta kisimani nilirudi na ndoo tupu.

Mkubwa wa waasi alichukua ile nyumba ya barza pana. Siku moja Yaya alirudi kutoka kisimani, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuipenda. Nyuma yake alikuja mpiganaji mmoja mwenye mkuki, amejifunga majani kichwani. Alisema Komanda anamtaka mwanamke aliyekuwa akichunga samaki wa Wazungu. Sikuuliza ni nani aliyesema. Nilimtazama Yaya, naye akanitazama bila kupepesa.

Nilipotoka, alijitanda kitenge akanifuata. Nilimwambia abaki.

“Bibi ya mudogo yangu haendi peke yake kwa nyumba ya banaume,” alisema. “Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya jina yetu.”

Tulikwenda tumeachana hatua kadhaa, kama watu wasiojuana.

Komanda alikuwa mtu mwembamba, amevaa kipande cha ngozi ya chui kwenye kofia. Dawa yao ya vita, waliyoamini inazuia risasi, iliwakataza kuguswa na mwanamke, kwa hiyo tulisimamishwa mlangoni, na mpiganaji alilaza mkuki sakafuni kati yetu na yeye ili tusisahau. Nilimjua mara moja. Ndiye yule planto aliyekuwa akingoja karatasi barzani. Naye alinijua.

“Niliona ile siku ulipigwa kofi,” alisema. “Minye nilikuwa nasimama pale, miaka na miaka, naangalia ule samaki kwa dirisha. Hawakuniambia hata siku moja niingie nikae. Sasa kiti iko yangu. Nataka samaki yangu pia.”

Nilielewa alichotaka, na kwa kitambo kidogo karibu nimwonee huruma. Kisha akaonyesha sanduku kwa bastola yake, akasogea ukutani nisimguse, akaniamuru niuvuke mkuki, nilitazame na kumhakikishia kwamba samaki ataishi humo. Huruma ikaniisha.

Nililitazama kwa muda mrefu, kwa sababu niliogopa kumaliza. Wapiganaji walikuwa wamelisafisha mpaka likang'aa. Niliinamisha kichwa ndani nikanusa: sabuni ya kufulia. Walikuwa wamelisugua kila pembe, na kwenye pembe, pale kioo kinaposhikana na chuma, ule udongo mweusi wa kuzibia ulikuwa umekauka na kupasuka, na sabuni imenywewa mle ndani. Maji yalikuwa yameshatiwa nusu. Nilichovya kidole nikalamba, nikahisi utamu wa mto. Waliyafungua kwenye robine ya jikoni. Mchanga ulikuwa mwekundu, wa kujengea. Ile pompi ndogo ya kupuliza hewa ilikuwa pale pale, lakini umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu vita. Na sanduku lenyewe lilikuwa limesogezwa mpaka dirishani, ili Komanda apate kuliona vizuri akiwa kwenye kiti, mahali ambapo jua la asubuhi lingeyachemsha maji kabla ya saa sita.

Niliyaona haya yote na nikajua jibu. Kilichobaki ni kuamua kama nitalisema. Nikisema samaki ataishi, nitarudi nyumbani leo, na kesho akifa nitaitwa mchawi. Nikisema hataishi, nitaitwa adui leo leo. Nilikumbuka kofi nililopigwa kwa kosa ambalo si langu, nikaona sitaki kupigwa tena kwa jambo lile lile.

“Hapana, Komanda,” nilisema. “Humu hataishi.”

Nilimweleza sababu moja baada ya nyingine. Nikamwambia pia kinachoweza kufanyika: limwagwe, lioshwe kwa maji ya ziwa tupu mara nyingi mpaka harufu iishe, lisogezwe kivulini, maji na mawe yaletwe kutoka pwani ya mbali ambako mashua hazimwagi mafuta, kisha awekwe samaki mwingine wa kujaribia. Na awepo mtu wa kuyatikisa maji kwa mkono, kutwa nzima, badala ya pompi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ile ile ya Madamu.

“Mubelgiji aliweza. Minye nashindwa nini? Unasema hivi sababu unaona minye ni planto.”

Nilimwambia sikusema hivyo. Akasema watu wanaosema haiwezekani ndio wanaorudisha nchi kwa Wazungu. Samaki ameshaagizwa, anafika kesho, nami nitakuwepo kumtia majini. Tulirudi nyumbani, Yaya mbele, mimi nyuma.

Kesho yake samaki aliletwa ndani ya sufuria, amefunikwa jani la mgomba. Alikuwa wa aina ile ile ya buluu, na alikuwa mzima, ingawa alihema kwa nguvu na uzi mmoja wa pezi ulikuwa umekatika. Mchanga mwekundu ulikuwa umetolewa, mawe yamewekwa, na maji ya ziwa yameongezwa juu ya yale ya mto. Hakuna jingine lililobadilika. Harufu ya sabuni ilikuwepo. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani.

Niliomba samaki abaki kwenye sufuria, kivulini, abadilishiwe maji ya ziwa mpaka sanduku lifae. Au arudishwe. Komanda alisema samaki wa sufuria ni samaki wa kuliwa. Aliniamuru nimtie. Nikamwambia sitamtia kwa mkono wangu. Alinyanyuka mwenyewe, akaichukua sufuria, akamimina.

Kwa muda mfupi kilikuwa kitu cha kutazamwa, siwezi kusema uongo. Samaki alizunguka mara moja, vidoti vya njano vikifuata nyuma yake, na Komanda aliketi kwenye kiti chake akiwa ameweka mikono magotini kama mtu aliye kanisani. Kisha samaki akapanda juu na kuanza kuvuta hewa kwa mdomo. Rangi yake ilififia, buluu ikawa kijivu cha majivu. Alijikuna kwenye jiwe kama anayewashwa mwili mzima. Tuliwekwa pale tumesimama, Yaya na mimi, mpaka samaki alipolala ubavu na kuacha kuhema.

Komanda hakupiga kelele. Aliniuliza nimetia dawa gani. Nikasema sikuyagusa maji. Mpiganaji mmoja alidai aliona midomo yangu ikicheza. Mwingine akasema jana nililamba maji yale, na nani hulamba maji bila sababu? Niliona neno mchawi likija kabla halijasemwa. Mji ule ulikuwa umeshaona watu wakipelekwa ufukweni kwa neno hilo, na hawakurudi.

Komanda akamgeukia Yaya. Alimwambia ameambiwa kwamba yeye hana mapenzi na mke wa mdogo wake, basi aseme wazi anachokijua. Nilifumba macho. Mwanamke yule alikuwa ameomba mabaya yangu tangu siku ya mahari, na sasa yalikuwa yanaletwa kwenye sinia.

“Ni kweli, huyu simupendi,” Yaya alisema. “Nyumbani kwangu akivuta pumzi tu, minye nachoka. Lakini jana alikuambia hapana. Alikuambia sabuni, alikuambia jua, alikuambia maji ya mto. Leo amekuambia tena. Minye nilikuwa hapa, masikio yangu haijafa. Weye ndiye ulimwaga samaki.”

Mpiganaji aliunyanyua mkuki uliolazwa tena kati yetu. Komanda alimtazama Yaya muda mrefu, akaitazama sufuria tupu miguuni pake. Sijui ni nini kilichopita kichwani mwake, na sitajifanya najua. Alichukua bunduki ya mtu aliyesimama karibu, akalipiga lile sanduku kwa kitako. Maji yalitumwagikia miguuni, mpaka yakapita mlangoni na kushuka ngazi za barza.

“Tokeni,” alisema.

Tulitoka. Miguu ya Yaya ilikuwa imekatwa na vipande vya kioo, inavuja damu, lakini nilipotaka kumshika mkono aliuvuta. Nyumbani nilichemsha maji yenye chumvi nikayaweka mbele yake. Alijiosha mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini alisema vile, ilhali ni yeye aliyenitaja kwao tangu mwanzo.

“Nilitaka wakuhangaishe,” alisema. “Sikutaka nidanganye mbele ya maiti, hata ya samaki.”

Jioni aliwasha moto wake, nami nikawasha wangu.

Komanda aliitwa kwenye mapigano ya bondeni, na sikusikia habari zake tena. Jeshi la serikali liliporudi mjini liliua na kupora kama waliotangulia, na nyumba ya barza pana iliungua paa. Mume wangu alivuka kurudi mtoto wetu akiwa ameanza kukaa. Aliuliza nani kati yetu alimtunza mwenzake, na sote wawili tulikasirikia swali.

Mwaka uliofuata Yaya alihamia Bwegera kwa mtoto wake wa kiume anayelima mpunga. Hakuniaga. Lakini kila mavuno, mpaka alipokufa, alituma gunia la mchele kwa mtu yeyote anayeshuka Uvira, akisisitiza kwamba ni la mdogo wake na watoto, na kwamba mimi sijatajwa. Mchele ule niliupika mimi. Nilikula, na nilishiba.