Mtegemezi Namba Moja

Fundi cherehani ameushonea mtaa mzima miaka ishirini, na msikitini hakosi safu ya mbele. Juzi mkewe, aliyeajiriwa na shirika la Wazungu, alileta fomu ya bima ya matibabu. Chini ya neno "wategemezi", jina la kwanza lilikuwa la fundi, likifuatwa na la kitinda mimba.

"Mama watoto, mimi nakutegemea wewe?"

"Baba, hiyo ni karatasi tu. Tia sahihi."

Karatasi tu! Fundi alitoka amefura, moja kwa moja hadi kwa imamu.

"Shehe, mke wangu kaniandika mtegemezi kwenye bima yake ya matibabu. Hebu niambie, mimi nimeoa au nimeolewa?"

Imamu alikuna ndevu, akashusha sauti.

"Kwani hiyo yenu inatibu na meno? Ya mke wangu inaishia kwenye macho."