Udongo Uliobadili Upande

Ubishi wote uliletwa na shemeji mtu, mdogo wa marehemu mume wa Pilipili. Alikuja na mmea wa maua ya manjano, akaupanda kwenye uzio wa mjane bila kuomba ruhusa. Eti utapendezesha shamba. Kabla mwaka haujaisha, mmea ulikuwa umemeza maharage yote. Pilipili akaubatiza jina la Shemeji, maana nao ulianzia pembeni ukajikuta katikati.

Mama huyu hakuitwa Pilipili bure. Aling'oa gugu lile kwa mikono hadi viganja vikachubuka, akachoma kila mzizi, akapanda upya. Maharage yakaota manjano, yakadumaa, yakafa. Akapanda tena, yakafa tena. Ndipo shemeji wa miguu miwili akaja, mikono mfukoni.

"Shemeji, ardhi hii imekufa. Niachie nijenge vyumba vya kupangisha."

"Utaanza kufa wewe!"

Shamba lenyewe ndilo hilo moja, na ndilo lililowalisha wanawe. Akaenda kwa bwana shamba akiwa amefura, akamwaga udongo mezani.

"Mama, sasa mimi unanifokea nini?" bwana shamba alisema. "Udongo haujafa. Una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vipo vinavyokaa kwenye mizizi ya maharage na kuyalisha. Gugu limevidhoofisha hivyo, likanenepesha vinavyolifaa lenyewe. Umemfukuza mgeni, lakini wapishi wake bado wako jikoni. Tafuta udongo jirani ambao gugu halijaugusa, maharage yanapostawi. Utie kidogo kila shimo."

Pilipili akacheka kwa uchungu. Mahali hapo alipajua. Ni ule ukanda ambao shemeji aliumega machozi ya msiba hayajakauka, akasogeza mawe ya mpaka na kuuunganisha na shamba lake. Gugu aliloleta mwenyewe, kule kwake alikuwa analing'oa likichungulia tu.

Akaenda mchana kweupe, na jembe na karai.

"Unaniibia udongo!" shemeji akapiga kelele.

"Nachukua wangu. Ita watu, waje watuambie mawe yalikuwa wapi."

Hakuita mtu.

Msimu ule kila shimo lililotiwa udongo ule lilitoa majani ya kijani. Pilipili aliyatazama akalia, na hasira haikupungua hata chembe. Alikuwa amelala njaa misimu miwili, na dawa iko hatua chache, imekaliwa na mtu.

Halafu shemeji akashikwa na mgongo, palizi ikamshinda. Gugu likaingia kwake likajitandaza. Alipopona akaling'oa, akapanda, maharage yakatoka manjano. Asubuhi moja akasimama uzioni na karai tupu, sauti imelainika.

"Shemeji, nigawie udongo kidogo tu. Sisi si ndugu?"

Pilipili aliendelea kupalilia.

"Karai liache hapo," alisema. "Kwanza nenda karudishe mawe."