Ukuta Alioupapasa Mama

Nakumbuka siku moja mama yangu aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa watu, nami nikamwambia asogee. Mwanangu, maneno yale mpaka leo yamenikaa kooni.

Nilikuwa kijana. Tulikuwa tumeshahamia hapa Sydney kutoka kambi ya wakimbizi, nami nilifanya kazi ya kutunza wazee huko Campbelltown. Nilipopata likizo nikamchukua mama, tukaenda Ufaransa kumwona dada yangu. Dada akatupeleka kijiji kimoja kando ya mto, cha kale kweli, nyumba zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Nami nilikuwa na kamera mpya, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikapiga picha milango, madirisha, daraja, hata paka wa watu sikumwacha.

Kwenye nyumba moja lipu ilikuwa imebanduka. Mama akapapasa pale, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tutoke Kongo.

"Iko miti na udongo!" akasema. "Kumbe wazungu nao walijengaka hivi? Baba yangu alijengaka nyumba yetu hivi hivi, kule karibu na mto Ruzizi. Ngoja nikuambie, ule udongo tulikuwa tunauchanganya na..."

"Mama, sogea kidogo," nikamkata. "Unaziba ukuta. Utaniambia nyumbani."

Akatoa mkono, akafuta vumbi kwenye kitenge chake, akaenda kuketi na dada ukingoni mwa mto. Hakununa. Afadhali angenuna.

Nyumbani hakuniambia, kwa sababu sikumuuliza. Nilikuwa na zamu. Hebu nitazame mimi: nalipwa kusikiliza wazee wa watu wakisimulia ujana wao, natikisa kichwa kwa adabu, kisha nafika nyumbani nimechoka kumsikiliza aliyenizaa. Mwaka uliofuata mama akafariki, na dada naye hajui ule udongo ulichanganywa na nini, maana siku ile mama hakuirudia habari ile tena.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu mwenyewe, yule anayekaa Quakers Hill, hapa hapa Sydney, anayesikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Shule ilimtuma achore nyumba ya wazee wake. Akaniuliza, yetu ilikuwaje? Mlango ulitazama mtoni au mlimani? Sikujua. Nikamtolea albamu ya ile safari ya Ufaransa kwa aibu. Akafunua kurasa zote, kisha akauliza hizi nyumba ni za nani.

"Za watu," nikamjibu.

Halafu akaweka kidole kwenye picha ya ukuta ule uliobanduka. Pale kwenye vumbi palikuwa na alama ya vidole vitano. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona. Nikamwambia ni mkono wa mama yangu, nikalia mbele ya mtoto.

Basi nisikilize, mwanangu. Safiri, piga picha, sikukatazi. Lakini mzee wako akisema "ngoja nikuambie", shusha kamera. Ukuta uliosimama tangu enzi za kale utakungoja hata kesho, mzee hangoji. Usimwambie "utaniambia nyumbani".

Mungu akujalie safari njema na masikio yaliyo wazi, na wazee wako wakukute una nafasi. Nawe ukikutana na mtu wa Ruzizi anayejua udongo ule ulichanganywa na nini, tafadhali, niulizie.