Marehemu wa Mume Wangu Alinipikia Mbasa

Mke wa kwanza wa mume wangu nilimwona akizama mchana kweupe, nikiwa saluni Mbinga mjini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Alizama kwenye televisheni.

Kuna mdau kaanzisha mada humu: filamu gani huwezi kuisahau, na uliitazama na nani? Nimesoma majibu yenu. Wengine mlitazama kwenye kibanda umiza mmekalia ndoo, wengine na wachumba zenu mkigawana karanga. Hongereni sana.

Mimi ya kwangu nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza na msusi wangu. Mara ya pili na marehemu.

Naitwa Devotha, wa Maguu, kwa watu wa kahawa. Jina langu nalitaja kwa sababu huku kijiji kizima kinajua, hakuna cha kuficha.

Turudi saluni. Tadea, msusi wangu, alikuwa ameweka filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa. Mnawajua watafsiri wetu. Mhusika akisema maneno mawili, wao wanakupa kumi, na utani juu.

Boti imepinduka. Mwanamke yuko majini na mtoto mgongoni, mume kashikilia ubao, ubao haubebi wote. Mwanamke anamsukuma mume, anamtazama, midomo inatikisika kidogo tu. Mtafsiri akaingia na sauti ya kilio:

"Nenda baba. Maji yameshanichagua mimi."

Nikamshika Tadea mkono. "Rudisha hapo."

"Dada, tulia, njia itapinda."

"Rudisha, nimesema!"

Akarudisha. Maneno ni yale yale. Tadea akacheka. "Huyu jamaa naye! Huyo mama hajasema chochote hapo, hiyo kaitunga mwenyewe."

Maneno hayo nilikuwa nayasikia kila Novemba tangu niolewe. Mume wangu Othmar ndiye anayeyasema, huku analia, mbele ya ukoo wetu wote, kwamba ndiyo maneno ya mwisho ya mke wake aliyezama Ziwa Nyasa.

Nilitoka saluni na nusu kichwa. Watu walinishangaa mpaka stendi.

Othmar alifika Maguu kama fundi wa kuezeka mabati. Mpole, mchapakazi, kila mkubwa anayepita yeye ni shikamoo. Alipokuja kuniposa, baba yangu Mzee Pankras akamwambia kama desturi ilivyo: wazee wetu watakwenda kwenu, wanywe maji ya kwenu, wawaone ndugu zako, ndipo tuongee habari za binti.

Othmar akapiga magoti, akaangua kilio. Akasimulia mke wake Rosina na mtoto wao Praygod, boti, wimbi, dumu moja la njano lisilobeba watu wote. Maji yameshanichagua mimi. Miili haikuonekana.

"Baba, tangu siku ile sijashuka ziwani. Nikiliona lile ziwa nitakufa. Nihurumie."

Mama akalia. Shangazi zangu wakalia. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi, akajifuta macho kwa kofia. Wazee hawakwenda tena. Nani atamlazimisha mfiwa? Na padre alipotaka kujua habari za huyu mgane, baba ndiye aliyesimama akaapa kwamba mke amekufa.

Baba yangu aliapia filamu.

Tukafunga ndoa. Mtoto hakuja. Miezi ikapita, tumbo kimya. Shangazi zangu wakasema marehemu hajaridhika, Rosina ndiye ananifunga.

Basi kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tukawa tunatoa misa ya Rosina na Praygod. Baada ya misa ukoo unakula kwa baba, na Othmar anasimama kuwakumbuka watu wake. Nimempigia magoti huyo mwanamke, jamani. Nimemwomba aniachie tumbo langu.

Sasa mnielewe nilivyotoka saluni. Kama Rosina yuko hai, mimi si mke. Ndoa yangu ya kanisani ni bure, na miaka yote ile nilikuwa hawara mwenye pete.

Sikumuuliza Othmar kitu. Yeye alikuwa na nyumba anaezeka pale pale Maguu. Nikamuaga kwamba nakwenda hospitali kwa yale matatizo yangu ya uzazi, nikapanda gari la kushuka Mbamba Bay, ziwani, alikosema ndiko kwao.

Pale stendi nikamuuliza mama mmoja muuza mihogo kama anamfahamu fundi mabati anaitwa Othmar.

"Baba Praygod? Nyumba yake ile pale, ya mabati ya bluu."

Mabati ya bluu, mapya, yanaumiza macho. Nyumba yangu Maguu inavuja mpaka kitandani, na kila mvua ikinyesha Othmar ananiambia mabati yamepanda bei.

Mwanamke aliyekuwa uani anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, akanyanyuka. "Karibu dada. Umetoka juu? Umechoka wewe, ingia ukae. Mimi Rosina."

Alisema hivyo tu, kama mtu yeyote anavyotaja jina lake.

Ukutani kulikuwa na picha ya harusi. Othmar kwenye suti, Rosina kwenye shela, mchungaji wa Kianglikana katikati. Pembeni yake picha ya mtoto wa kiume kwenye sare ya shule, meno ya mbele hana. Nikajua huyo ndiye Praygod. Nikasema moyoni, na huyu saa hizi yuko darasani anaimba namba, wakati sisi tunamwashia mishumaa.

Nikamdanganya kwamba natafuta fundi. Akaniambia mume wake yuko Songea kikazi. Kisha akanipikia mbasa, yule samaki wa Ziwa Nyasa. Marehemu alinipikia mbasa, nikala, na Mungu anisamehe, mwanamke alikuwa anajua kupika.

Nikamuuliza kama huwa anatazama filamu. Uso ukamchanua.

"Dada, ninayo moja hiyo siichoki! Tuliitazama kwenye banda la Meshack kabla hatujaoana, mimi na Baba Praygod. Tukarudi kesho yake, na kesho yake tena. Yeye analia kuliko mimi! Mpaka leo nikimnunia ananipigia magoti, 'nenda mama, maji yameshanichagua mimi,' basi nacheka, hasira inakwisha."

Akachomeka flashi. Tukaitazama bega kwa bega.

Sehemu ya mtoto akaipeleka mbele. "Hapa siwezi," akasema. Nikadhani ni moyo laini tu. Ilipofika kwenye ubao alilia kwa kwikwi, akanishika mkono.

Nikamtazama marehemu akimlilia marehemu, na nikamchukia. Ndiyo, yeye. Nilikuwa nimemnyenyekea miaka yote, kumbe mwenzangu yuko huku chini anaanika usipa, anabembelezwa kwa maneno yale yale niliyoposwa nayo.

Wazo likanijia hapo hapo. Lilikuwa la kikatili na lilinipendeza.

"Dada Rosina, Jumamosi ya kwanza ya Novemba tuna misa ya marehemu kwetu Maguu. Ningefurahi ukija."

"Marehemu ni nani?"

"Mke wa kwanza wa mume wangu. Maji yalimchukua."

"Ooh, pole sana dada." Akafikiri kidogo. "Nitakuja. Siku hizo huwa sipendi kukaa ndani peke yangu."

Na kweli alikuja. Watu wa ziwani ukiwaalika kwenye msiba hawana ujanja wa kukukwepa. Alifika wakati wengine wako kanisani, amebeba usipa kwenye mfuko, mchango wake wa msiba. Nikampitisha moja kwa moja jikoni kwa shangazi zangu. "Mgeni wangu kutoka ziwani." Wakamfurahia, wakampa mwiko.

Watu wakarudi kutoka misani, wakajaa uani kwa baba. Othmar akasimama mahali pake pa kila mwaka, karibu na mlango wa sebule. Akaanza na upepo. Akaja kwenye wimbi. Alipofika kwenye dumu la njano sauti ikamkatika, kama kawaida, na mama akaanza kujifuta macho, kama kawaida.

"Akanitazama, akaniambia, nenda baba..."

"Maji yameshanichagua mimi!"

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Rosina kasimama na mwiko mkononi, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Baba Praygod! Si uko Songea wewe? Kumbe umekuja huku kuwasimulia watu ile filamu yetu?"

Hakuna aliyecheka naye.

Baba akauliza taratibu, "Mama, wewe ni nani?"

"Shikamoo baba. Mimi Rosina, mke wake."

Shangazi Restituta, mwenye magoti mabovu mwaka wa ngapi sijui, aliruka ua wa nyuma. Mwingine akaanza salamu Maria kwa sauti. Machozi ya uongo bado yalikuwa mashavuni mwa Othmar.

Nilikuwa nimeisubiri sana dakika ile. Nikapanda juu ya benchi.

"Wapendwa, marehemu wetu amefika! Muulizeni wenyewe kwa nini amenifunga tumbo!"

Kicheko cha Rosina kikakatika. Akanitazama, akawatazama watu, akaitazama mishumaa juu ya meza.

"Dada, huyo marehemu wako ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Wewe na mwanao Praygod. Kila mwaka tunawaombea."

"Praygod?" Akashusha mwiko. "Tangu lini?"

"Tangu nimeolewa. Kila mwaka, Jumamosi kama hii ya leo."

Akamgeukia Othmar. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mwanangu alizikwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, mwaka juzi. Homa ilimchukua. Nilikupigia simu mpaka chaji ikaisha, hupatikani. Ulikuwa wapi?"

Aliyejibu ni baba, maana baba hajui kudanganya.

"Alikuwa hapa, mama. Alikuwa amesimama hapo hapo alipo. Alikuwa anatusimulia Praygod alivyokufa."

Niliteremka kwenye benchi. Ile picha ukutani, kumbe haikuwa ya mtoto aliyeko shule. Niliumia, sitawadanganya. Na bado nilifurahi kumwona Othmar anatetemeka. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Kisha nikakumbuka mwaka jana. Mtoto yuko kaburini kweli, Othmar alisimama pale pale akasimulia tena, na alilia mpaka akakaa chini. Tulimsifu. Tulisema mwaka huu amewakumbuka watu wake kwa moyo wote.

Rosina akauweka mwiko juu ya meza, akajifunga khanga vizuri, akashika njia. Othmar akamfuata anaita, "Mama Praygod, nisikilize."

Akasimama mara moja tu.

"Usinifuate. Nikifika nyumbani nitawaambia umezama. Nitalia vizuri tu, wewe ndiye mwalimu."

Na alifanya kweli. Watu waliopanda kutoka Mbamba Bay walitusimulia kwamba matanga ya fundi Othmar yalijaa, na kwamba mjane alilia mpaka wachungaji wakalia. Othmar hawezi kukanyaga kule tena. Nyumba ya mabati ya bluu imebaki na mwenyewe.

Kwetu baba alimfukuza siku ile ile. Padre akaniambia nilichokijua tangu saluni, kwamba sina ndoa na sikuwahi kuwa nayo. Nimerudi kwa wazazi. Baba haketi tena benchi la mbele kanisani, anakaa nyuma karibu na mlango, na komunyo hapokei. Nimemwambia mara nyingi, baba, wewe hukujua. Niliposimama juu ya lile benchi nilitaka Othmar ndiye afedheheke. Othmar alifunga begi la vifaa vyake, akaenda.

Ningeishia hapa, lakini wiki iliyopita nimepigiwa simu na mama mmoja wa Mbuji, anaitwa Eunice.

Akasema anawatafuta ndugu wa marehemu fulani wa Maguu awape pole, amepewa namba hii. Kuna fundi mabati amemposa binti yake, mgane, kijana mpole sana. Mke wa kwanza alizama na mtoto. Wa pili alifariki huko Maguu wakati wa kujifungua, yeye na kichanga chake.

"Huyo wa pili alikuwa anaitwa nani, mama?" nikamuuliza.

"Devotha."

Miaka yote nilimlilia Mungu anipe mtoto, hakunipa. Othmar kanipa mmoja kwenye uongo wake, akamwua siku hiyo hiyo, na mimi juu yake.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Devotha ndiye mimi."

Alipiga yowe, akakata simu. Tangu siku hiyo nikipiga hapokei. Nadhani anaamini kapigiwa na maiti. Nilimtumia ujumbe, haujibiwi. Nimemwomba mtu anayekwenda mnada wa huko aulize, ameniambia fundi alilia sana mbele ya wazee, wazee wakamhurumia, na hakuna aliyetumwa kwenda kwao.

Ndiyo maana naandika hapa. Kama una ndugu Mbuji, mwonyeshe.

Na nyie wenye mabinti, sikilizeni la mtu aliyekwisha kuuawa kwa mdomo: mwanaume akikuletea msiba, mwambie akupeleke kaburini. Akisema kaburi hakuna, nendeni kwao mkanywe maji. Akianza kulia mpeni kitambaa, mngojeni amalize, kisha mpande gari naye.