Mguu Aliomwachia Mumewe

Shangazi yangu ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kulipwa mshahara kwa kucheza mpira. Kabla ya hapo alikuwa akishona sare za shule, na babu alipoambiwa binti yake ameajiriwa kukimbia, aliuliza, "Anakimbizwa na nani?" Watu wakacheka mpaka basi. Msimu haujaisha, walewale wakawa wanagombea viti vya mbele wamwone "Winchi", jina walilompa kwa alivyopaa kufuata mipira ya kona.

Aliolewa na mchuaji wa timu. Kabla ya kila mechi alijilaza kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akampakatisha mumewe mguu na kuangalia dari. Mume akishabonyeza na kunyoosha, akisema "Ingia", anaingia uwanjani. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa mguu ule. Ndiyo maana goti lilipovimba kabla ya fainali, na daktari akawaita wapewe majibu ya vipimo, shangazi alimtuma mumewe.

"Nenda wewe unayejua miguu. Mimi nitaelewa nini?"

Mume akarudi anatabasamu. "Mshtuko tu, mke wangu. Nitakuchoma sindano ya ganzi, utacheza."

Alicheza, na bao akafunga. Kisha akageuka ampige chenga beki; mwili ukageuka, goti likakataa.

Wodini daktari alimshangaa. "Mama, si nilimwambia mumeo? Kano ilishachanika. Nilisema ukicheza fainali, mpira basi tena."

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Shangazi hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Jioni mume akaingia, amevaa suti mpya ya michezo ya timu ya wanaume. Viongozi wa klabu walikuwa wamemwahidi kazi huko, mradi Winchi aonekane uwanjani siku ya fainali. Amemuuza mkewe mchana kweupe, halafu anavaa malipo yake na kumletea wodini! Nilitamani nimmwagie uji.

"Ulijua?" shangazi akauliza.

"Hata ningekuambia, ungekubali kukaa nje? Nakujua wewe, ungecheza tu."

"Kocha angeniambia nikae, nisingekaa. Daktari vilevile. Wewe ungesema kaa, ningekaa."

Shangazi akanigeukia.

"Mwanangu, mgeni anaondoka. Msindikize."